Aliyemchora Shemeji Yake

Kazi yake ilikuwa kukata lenzi. Duka lilikuwa la miwani, na mbele walikaa wenye sauti laini na mashati ya kupigwa pasi, wanaowapokea wateja na kuwajaribisha fremu mbele ya kioo. Yeye alikaa nyuma ya pazia na mashine ya kusaga, ndoo ya maji yaliyogeuka meupe kwa vumbi la lenzi, na taa yenye shingo ndefu. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Watu walimwita Kalamu. Jina hilo alipewa na shemeji yake siku alipohamia kwao akiwa na sanduku moja la nguo na mawili ya karatasi, nalo likamganda mpaka kazini.

Aliishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake. Dada alikuwa mwalimu wa hesabu, mumewe fundi bomba. Walioana wakiwa watu wazima, hawakujaliwa mtoto, na nyumba yao ilikuwa na utulivu ule ambao mgeni akiingia hujikuta anapunguza sauti bila kuambiwa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemtengenezea Kalamu meza ya kuchorea, kwa mbao zilizobaki kwenye kazi ya mtu, akaipiga randa mpaka ikawa laini kama shavu. Hakuuliza anachora nini. Alisema tu kwamba mtu mwenye karatasi nyingi hivyo hawezi kuchorea kitandani.

Kalamu alikuwa anachora vibonzo vya mapenzi. Na watu aliowachora hakuwabuni yeye. Walitoka katika tamthilia moja ya televisheni iliyopendwa sana, ya kambi ya wajenzi wa bwawa. Kulikuwa na Mhandisi, mwanamke mwenye amri na kofia ya manjano. Kulikuwa na Rubani, mumewe, anayeleta vifaa kwa ndege ndogo. Na kulikuwa na Mpishi wa kambi, mtu wa maneno machache. Tamthilia yenyewe haikuwahi kutamka kwamba Mpishi anampenda Mhandisi. Waliotamka ni mashabiki. Katika sehemu ya saba Mpishi anampa Mhandisi kikombe cha chai, na kabla ya kukiachia anakigeuza ili mkono wa kikombe uelekee kwa mwanamke, asiungue vidole. Sekunde tatu, basi. Juu ya sekunde hizo tatu watu wakajenga ghorofa.

Waligawanyika pande mbili, watu wa Rubani na watu wa Mpishi, wakavutana kwenye simu zao kama ndugu wanaogombea shamba. Watu wa Mpishi walikuwa wengi na wenye kelele zaidi. Waliandika kurasa na kurasa kuhusu kikombe kile, wakapima urefu wa mtazamo, wakahesabu ni mara ngapi Mpishi alimeza mate. Na katika wao wote hakuna aliyependwa kama mchoraji aliyejiita Wino Mkavu. Huyo ndiye alikuwa Kalamu. Kila Jumapili alasiri aliweka mtandaoni kurasa nne za hadithi yake ya picha, na kabla jua halijazama wasomaji walikuwa wamefika maelfu.

Hadithi yake ilimfuata Mhandisi akiyumba kati ya wanaume wawili. Kalamu alijua kazi yake: Rubani mkorofi angekuwa rahisi, kila mtu angemkimbia. Alitaka Rubani mwema anayechosha. Lakini wanaume aliowafahamu ndani ya kuta nne walikuwa wachache mno. Baba yao alifariki yeye akiwa mdogo, na yeye mwenyewe hajawahi kukaa na mwanamume nyumba moja, ukimwacha huyo mmoja tu.

Basi akamchukua shemeji yake, kidogo kidogo. Shemeji alikuwa na wimbo mmoja wa kuguna anaponyoa ndevu, wimbo usiofika mwisho hata siku moja; Rubani akaguna wimbo huo. Shemeji alikuwa anavipanga viatu vyake pua zikigusa ukuta. Viatu vya Rubani vikapangwa vivyo hivyo kwenye hema. Shemeji, akirudi nyumbani, alibisha hodi mara tatu kwenye mlango wake mwenyewe kabla ya kuingiza ufunguo. Kalamu aliona jambo hilo kuwa la kuchekesha kupita yote. Akamchora Rubani akigonga mara tatu nguzo ya hema lake, na ndani Mhandisi akifumba macho kwa uchovu. Wasomaji wakacheka mpaka wakalia.

Kisha ikaja Jumamosi ya mashuka. Yeye na dada yake walikuwa wanakunja nguo zilizokauka, kila mmoja ameshika ncha mbili za shuka, wanakutana katikati na kuachana tena. Dada hakuwa mtu wa kusema mambo ya ndani. Siku hiyo, bila kuulizwa, alisema, "Unajua, mdogo wangu, siku hizi nikisikia mlango, moyo haushtuki hata. Unakaa tu, kama kiti."

Kalamu alilidaka neno hilo la kiti. Aliachia ncha zake za shuka, akasema anakuja sasa hivi, akakimbilia chumbani kutafuta kitu cha kuandikia kabla neno halijamponyoka. Aliporudi, dada alikuwa anamalizia kukunja shuka peke yake, kidevu kimelibana katikati, na mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Jumapili iliyofuata Mhandisi aliketi mbele ya Mpishi, kikombe mkononi, akamwambia habari za mumewe kwa maneno hayohayo. Kalamu hakubadilisha hata nukta. Ukurasa ule ulipita yote aliyowahi kuchora. Watu waliunakili, wakaufanya picha za simu zao, wakatuma kwa rafiki zao waliokuwa wanataka kuachana na wachumba. "Moyo umekaa kama kiti" likawa neno la watu. Wasomaji elfu kumi na moja siku ya kwanza tu. Kalamu aliusoma huo umati wa sifa akiwa ameketi kwenye meza ile laini, na kusema kweli hakumfikiria dada yake hata kidogo. Alijifikiria yeye mwenyewe na kipaji chake.

Kulikuwa na msomaji mmoja tu aliyekuwa anamkera. Alijiita Koki. Kila wiki aliandika sentensi moja, yenye herufi kubwa na nukta mahali pake, akimtetea Rubani. "Rubani naye ni mtu." "Huenda anabisha hodi kwa sababu." Chini ya ukurasa wa kiti aliandika: "Tusikie na upande wa Rubani." Kalamu, akiwa amelewa sifa, alimjibu mbele ya wote kwamba kama anampenda Rubani kiasi hicho, amwoe yeye. Mamia walicheka. Koki hakuandika tena.

Wiki mbili baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, pazia la nyuma ya duka likafunuliwa. Aliyesimama pale alikuwa shemeji yake, amevaa ovaroli, mikono ameiosha mpaka kwenye kiwiko. Wale wa mbele walikuwa wamempima macho. Alihitaji miwani ya kusomea, naye akaomba lenzi zake zikatwe na ndugu yake. Kalamu alifurahi. Alimkalisha kwenye kibao, akazisaga lenzi taratibu, akazipachika kwenye fremu nyeusi nzito, akamvalisha mwenyewe na kumwuliza kama zinambana masikioni.

Akampa kadi ya kujaribia, ile yenye mistari ya maandishi yanayozidi kuwa madogo. Shemeji akaisoma yote, kisha akasema kadi ni kubwa mno, yeye shida yake ni simu. Akaitoa mfukoni, akaifungua, akanyoosha mkono kidogo, akairudisha karibu.

"Sasa naona," alisema. "Hata maneno ya kwenye vipovu vya picha."

Kalamu aliinama kutazama. Kwenye simu kulikuwa na Mhandisi, kikombe mkononi. Juu ya ukurasa, pembeni, palikuwa na jina la mwenye simu: Koki.

Mashine ilikuwa bado inazunguka bila kazi, na hakuna aliyeinua mkono kuizima. Shemeji alieleza, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kwamba aliijua michoro ile tangu mwanzo. Aliiona karatasi moja siku alipokuja kukaza mguu wa meza, akaitafuta mtandaoni, akaipata, na akawa anaisoma kila Jumapili akiwa amekaa kwenye gari lake la kazi. Hakusema kwa sababu aliogopa Kalamu angeona haya, akaacha. Alijivunia. Hata mafundi wenzake aliwaonyesha, bila kutaja mchoraji ni nani. Mwanzoni alimtetea Rubani kwa mzaha tu.

Kisha akavua miwani, akaishika kwa vidole viwili.

"Lile neno la kiti," aliuliza. "Ni lako, au ni la dada yako?"

Hapo ndipo Kalamu angeweza kuwa mtu. Alilijua hilo papo hapo, na alilijua kila siku baada ya hapo. Badala yake alichukua bisibisi ndogo, akaipokea ile miwani kama vile ina kasoro, akaanza kukaza skrubu iliyokuwa imekwisha kazwa.

"Ni langu, shemeji," alisema. "Nimelitunga."

Shemeji aliitikia kwa kichwa polepole. Akasema vizuri. Akavaa miwani yake, akashukuru, akafunua pazia akatoka, na kule mbele Kalamu akamsikia akiwaaga wale wa mashati kwa adabu zake zote.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Hakuna aliyegomba. Shemeji alikula, alisifu chakula, alikwenda kazini. Ila wimbo wa kunyolea ulikatika. Viatu alivivua na kuviacha pale vilipoangukia. Na siku ya nne, jioni mapema, alirudi nyumbani akaingiza ufunguo moja kwa moja, bila kubisha, akasukuma mlango. Dada alikuwa anapita na beseni la vyombo. Alipiga ukelele mmoja mfupi, beseni likamtoka, sahani zikatapakaa sakafuni. Alibaki ameegemea ukuta, mikono kifuani, uso umempauka. Mumewe alipiga magoti kuokota vigae akirudia samahani, samahani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekumbuka kitu akiwa amechelewa.

Kalamu aliyaona yote akiwa kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Hakuelewa kwa nini mtu mzima aogope mlango hivyo, lakini alielewa kwamba mkono wake umo.

Kesho yake, mchana, dada alimwita jikoni akamwuliza kama anajua kilichomsibu mume wake, maana amekuwa kama mgeni humu ndani. Kalamu alianza kusema hajui. Akaliacha katikati. Akaenda chumbani, akaleta simu, akaiweka mezani mbele ya dada yake, akasimama kando na mikono nyuma kama mwanafunzi.

Dada alisoma akiwa amesimama. Alisoma toka ukurasa wa kwanza, bila kuruka, kama anavyosahihisha mitihani. Alipofika kwenye hodi tatu alisita. Alipofika kwenye kiti, akavuta kibao akaketi. Alisoma na maoni ya watu, mengi sana, na vicheko vyao. Kalamu alitamani apigwe. Ingekuwa nafuu.

"Hili nilikuambia mimi," dada alisema mwishowe.

"Ndiyo, dada."

"Na mengine niliyosema, umeyaweka wapi?"

Kalamu hakujua mengine yapi.

Dada alimtazama muda mrefu, na hasira ilikuwepo, lakini juu yake palikuwa na kitu kibaya zaidi, namna ya kukata tamaa. Akamweleza, kwa sauti ya darasani, polepole. Kabla ya mume huyu aliwahi kuchumbiwa na mwingine, Kalamu akiwa bado shule ya bweni. Mtu huyo alikuwa mzuri wa sura na mzuri wa maneno, na alikuwa na ufunguo wa chumba chake. Aliingia saa yoyote, bila sauti, aone kama kuna mtu, aone simu, aone uso. Miaka miwili dada aliishi akisikiliza kitasa. Alipoachana naye aliondoka na ugonjwa huo: mlango ukifunguka, moyo unamruka mpaka kooni. Fundi bomba alipomwoa aliliona hilo wiki ya kwanza. Hakuuliza. Alianza tu kubisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, mara tatu, na kuguna wimbo asubuhi ili ajulikane yuko upande gani wa nyumba.

"Nilikuwa nakuambia nimepona," dada alisema. "Moyo hauruki tena. Unakaa. Mtu aliyesimama miaka yote hiyo, akapata mahali pa kukaa. Nilikuwa nayasema hayo, wewe ukaachia shuka ukaondoka. Nikadhani umebanwa na haja."

Kalamu alitaka kusema samahani, na neno lenyewe likaonekana dogo, kama la mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu. Alikaa chini sakafuni. Alikuwa amekaa miaka sita katika nyumba ya watu wanaopendana, akaitazama kama alivyotazama sekunde tatu za kikombe, akachagua upande, akaona aliyotaka kuona. Tena kikombe kile angalau kilikuwa cha kuigiza.

Akauliza afanye nini. Dada alisema ya mumewe na ya moyo wake atayasema mwenyewe, hahitaji msaidizi. "Lakini ulichokifanya wewe, kamwambie wewe. Leo. Usiningoje mimi nikufungulie njia."

Shemeji alikuwa na kazi kwenye jengo la ofisi upande wa pili wa mji. Kalamu alimkuta kwenye choo cha ghorofa ya pili, amelala chali chini ya safu ya sinki, miguu tu ndiyo inayoonekana. Alimsalimu. Miguu ikaitikia. Alingoja atoke, hakutoka, akaona heri iwe hivyo, akaanza kuiambia miguu. Alisema neno la kiti ni la dada, na yeye aliliiba. Alisema alimdanganya dukani. Alisema Rubani ni yeye, viatu, wimbo, hodi, vyote, na kwamba alivitia ili watu wamchoke. Alisema na lile la kumwoa Rubani aliliandika yeye, ingawa hilo lilijulikana. Kila kitu alichokitaja kilionekana kichafu zaidi kikisemwa kwa sauti, mahali penye mwangwi, huku maji yanadondoka kwenye ndoo.

Kisha kutoka chini ya sinki, "Nipe spana kubwa. Hiyo yenye mpini mwekundu."

Akampa. Mkono ukaipokea.

"Dada yako kusema nawe, hilo halikuniuma," shemeji alisema, akikaza kitu. "Mtu na ndugu yake wana mazungumzo yao. Kilichoniuma ni kwamba nilisimama mbele ya watu elfu kumi na moja kujitetea, na sikuweza kusema ni mimi."

Kalamu alisubiri asikie amesamehewa, halafu akajionea aibu kwa kusubiri. Akachukua tambara, akafuta maji yaliyomwagika, akaenda zake.

Jioni ile aliifuta hadithi yote mtandaoni. Aliandika mistari michache kwamba alichukua maneno na mazoea ya watu wa kweli bila idhini, na kwamba aliyaelewa vibaya. Alidhani hapo ndipo mwisho. Hakuwajua wasomaji wake, ingawa alikuwa mmoja wao. Kwa siku nzima walimlilia arudi, na siku ya pili wakaanza kuusoma ule ujumbe kama walivyosoma kila kitu. Kama Mhandisi yuko kweli, na Rubani yuko kweli, je, Mpishi ni nani? Wakapima maneno yake. Wakatunga. Mmoja akachora kibonzo cha mwanamke asiyejulikana, mumewe na jirani mwenye kikombe. Kalamu aliandika kwamba hakuna Mpishi, hajawahi kuwepo. Wakajibu kwamba anamficha. Aliandika tena, akaona kila anachoandika kinakuwa kuni, akanyamaza. Alibaki na hofu moja, kwamba ipo siku mtu atamtazama dada yake sokoni na kujiuliza anapendwa na nani mwingine. Hofu hiyo ilikuwa haki yake na aliibeba bila kumgawia mtu.

Kilichosemwa kati ya dada na mumewe hakukisikia, na kwa mara ya kwanza hakutaka kukisikia. Aliona tu kwamba siku fulani viatu vilirudi ukutani. Yeye alitafuta chumba cha kupanga, dada hakumzuia wala kumfukuza, akamsaidia kufunga masanduku. Salamu zao zilikuwa za kawaida. Ila dada hakumwambia tena jambo la ndani. Alipofika penye kitu cha kweli alikuwa anageuza maneno, akauliza habari za duka, na Kalamu akajibu habari za duka.

Miezi mitano ikapita bila kuchora hata jicho. Kisha Jumamosi moja asubuhi shemeji akampigia simu. Alikuwa amepata kazi kwenye duka kubwa la dobi, na mwenye duka, kama wateja wengi, hakuelewa anapoambiwa maji yanaingilia hapa na kutokea kule. Shemeji alitaka mchoro wa kumwonyesha. Aliuliza kama Kalamu ana nafasi. Kalamu alikwenda. Walikaa kwenye kibao nyuma ya mashine za kufulia, shemeji akionyesha kwa kidole, yeye akichora kwa rula: bomba la maji baridi, la moto, vali, mtaro. Hawakuzungumza mengine. Mvuke uliwafanya wote wawili wafute uso kila mara. Alipomaliza, shemeji aliishika karatasi kwa muda, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hapa umepinda," alisema. "Bomba halipiti hivi."

Kalamu alisogea karibu atazame alipoonyeshwa. Akamwomba amweleze tena linapita wapi, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuchukua kifutio.